Ukumbi wa Remera: Historia ya BK Arena na Mji wa Kigali

BK Arena ni ukumbi wa ndani wenye viti 10,000 ulioko Remera, katika wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Kigali. Ubavuni mwake upo Uwanja wa Amahoro, na mgeni anayetoka uwanja wa ndege wa Kanombe hupita jirani yake kabla hajafika katikati ya mji. Ujenzi wa ukumbi wenyewe ulichukua takriban miezi sita ya mwaka 2019. Mji uliouhitaji ukumbi wa namna hiyo ulichukua zaidi ya karne moja kufika hapo, na katika kila kipindi jambo moja lilijirudia: Kigali ilichaguliwa kwa sababu watu wangeweza kukutania hapo.

Kilima cha katikati, 1907–1916

Kigali lilikuwa jina la mlima kabla ya kuwa jina la mji. Katika Kinyarwanda neno hilo lina kiambishi *ki-*, ambacho msemaji wa Kiswahili anakifahamu vizuri, na shina lenye maana ya upana. Mlima huo, wenye urefu wa karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, bado unausimamia mji upande wa magharibi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 makao ya mfalme, Mwami Yuhi V Musinga, yalikuwa Nyanza, kusini mwa nchi. Wajerumani walikuwa wameiingiza Rwanda katika koloni lao la Afrika Mashariki, pamoja na Burundi na bara la Tanzania ya leo, lakini askari wao hapa walikuwa wachache. Walitawala kwa kupitia kwa Mwami, wakiweka kando yake mwakilishi wa serikali. Mwaka 1907 kazi hiyo alipewa Richard Kandt, daktari aliyekuwa amefika Rwanda mwaka 1898 akisaka chimbuko la Mto Nile.

Kandt alihitaji mahali pa kujenga boma, akachagua kilima cha Nyarugenge. Hapakuwa na mji mkubwa hapo, wala soko mashuhuri. Kilichompendeza ni kwamba mahali hapo palikuwa karibu na kitovu cha nchi, njia za kaskazini, kusini na mashariki ziliweza kukutana, na umbali kutoka Nyanza ulimwezesha kuwa na uhusiano na ikulu bila kuishi chini ya macho yake. Nyumba aliyoishi ingalipo na sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya wastani kabisa, na udogo wake unaonyesha jinsi utawala ule ulivyokuwa mwembamba: nchi nzima ilisimamiwa kutoka kwenye vyumba vichache juu ya kilima.

Walioujaza mji huo mchanga wengi walitoka nje. Walikuja askari, makarani, mafundi na wafanyabiashara kutoka pwani na bara la Tanganyika, pamoja na Wahindi na Waarabu. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho Wajerumani walichokitumia katika utawala. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa kwanza wa mji, unaojulikana kwa jina la Al-Fatah. Hivyo Kiswahili na Uislamu viliingia Kigali pamoja na mji wenyewe.

Miaka ya kusubiri, 1916–1962

Vita Kuu ya Kwanza viliukatisha utawala wa Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Rwanda na kuitwaa Kigali. Kandt hakurudi tena na alifariki Ujerumani mwaka 1918. Baada ya vita, Ubelgiji ilikabidhiwa Rwanda na Burundi chini ya jina la Ruanda-Urundi.

Kwa Kigali huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya kuwekwa pembeni. Makao makuu ya eneo zima yalikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Elimu ya Rwanda ilielekezwa zaidi kusini, katika mji mpya wa Astrida uliopewa jina la Malkia Astrid wa Ubelgiji na ambao leo unaitwa Huye. Kigali ikabaki mji mdogo wa utawala na biashara.

Wabelgiji waliwatazama Waswahili kwa mashaka. Waislamu wa mji walitengewa eneo la Biryogo, lililokuja kuitwa Kambi ya Waswahili, na shule za misheni zilizofungua njia ya kazi serikalini hazikuwa zao. Wengi walishika udereva, ufundi na uchuuzi. Mipaka iliyowekwa ili kuwatenga ikazaa mtaa wenye tabia yake: lugha yake, vyakula vyake, maduka yanayofungwa usiku wa manane. Nyamirambo, mtaa mpana unaoizunguka Biryogo, umejengeka juu ya msingi huo.

Uhuru ulipokaribia, ilibidi Rwanda ichague mji mkuu wake. Astrida ilikuwa na majengo na shule kuliko Kigali, lakini ilikuwa kusini mno. Hoja iliyomvutia Kandt ikashinda kwa mara ya pili. Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda ilipata uhuru ikiwa na mji mkuu ulioko katikati na wenye wakazi wapatao 6,000 tu.

Mji mkuu na uwanja wa amani, 1962–1990

Wizara, balozi, mabenki na barabara za lami ziliubadilisha mji haraka. Mwaka 1973 ilifunguliwa Hôtel des Mille Collines, yenye jina linalotokana na sifa ya Rwanda kama nchi ya vilima elfu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 wakazi walikuwa wamepita 100,000, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipita 200,000.

Vilima viliamua umbo la mji. Barabara kuu zilifuata migongo ya vilima, ofisi na nyumba nzuri zikakaa juu, na wenye kipato kidogo wakajenga kwenye miteremko na karibu na mabonde yenye maji. Mji ulipopanuka, ulielekea mashariki, kufuata barabara ya Kanombe. Remera, ambayo zamani ilikuwa pembezoni, ikawa njiani kati ya uwanja wa ndege na ofisi za serikali.

Hapo ndipo, katika miaka ya 1980, ulipojengwa uwanja wa taifa wenye nafasi ya watu wapatao 25,000. Uliitwa Amahoro, yaani amani. Kando yake kulikuwa na ukumbi mdogo wa ndani, Petit Stade, wenye nafasi ya watu wapatao 1,000 tu. Kwa miongo mitatu iliyofuata, mpira wa kikapu na wa wavu nchini Rwanda ulitegemea ukumbi huo. Kupanga viwanja viwili pamoja kando ya barabara ya uwanja wa ndege kuliamua mapema mahali ambapo ukumbi mkubwa ungekuja kusimama.

Waliokimbilia Amahoro, 1990–1994

Vita kati ya serikali na wapiganaji wa kundi la waasi la RPF vilianza Oktoba 1990. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na Umoja wa Mataifa ukaleta walinda amani chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Makao yao yakawa hapo hapo Remera, jirani na uwanja.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka katika mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kanombe. Saa chache baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Vizuizi viliwekwa barabarani na watu wakauawa majumbani, makanisani na shuleni.

Wakazi wa Remera na vitongoji vya karibu walikimbilia palipokuwa na bendera ya Umoja wa Mataifa. Maelfu walijaa Amahoro, na wakati fulani idadi yao ilifika takriban 12,000. Walilala kwenye ngazi za watazamaji, korido na vyumba vya kubadilishia nguo, kukiwa na uhaba mkubwa wa maji na chakula na makombora yakianguka karibu. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza walinda amani hadi 270. Hata hivyo, kikosi kidogo kilichobaki kiliendelea kuulinda uwanja, na maelfu ya watu wakatoka humo wakiwa hai. Katika Hôtel des Mille Collines walinusurika watu zaidi ya 1,200. Katika mitaa ya Nyamirambo baadhi ya familia za Kiislamu ziliwaficha majirani zao, jambo ambalo baadaye liliubadilisha mtazamo wa Wanyarwanda wengi juu ya jamii iliyokuwa imetengwa kwa muda mrefu.

RPF waliitwaa Kigali tarehe 4 Julai 1994. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba waliouawa nchini ndani ya siku 100 walizidi 800,000, huku serikali ya Rwanda ikisema walizidi milioni moja. Kwenye kilima cha Gisozi, ambako kumbukumbu ya kitaifa ilifunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu wapatao 250,000.

Mji unaopangwa upya, 1995–2018

Kigali ya 1994 ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya watu wake. Miaka iliyofuata ilijaa upya kwa waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, baadhi yao wakiwa wamezaliwa uhamishoni. Wengi walirudi na Kiswahili na Kiingereza, na mji uliozoea Kifaransa ukaanza kusikika tofauti. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 1,132,686, na ile ya 2022 ikawahesabu 1,745,555.

Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka kumi baadaye Kiswahili kilifanywa lugha rasmi, kikiwa cha nne pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha iliyokuja na boma la Kandt na kisha kufungiwa Biryogo ikapata cheo katika sheria za nchi.

Mpangilio wa mji nao ulibadilika. Kigali iligawanywa katika wilaya tatu za Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wakazi hushiriki umuganda, kazi ya pamoja ya kufyeka, kuzibua mitaro na kutengeneza barabara. Mpango mkuu wa mji uliokamilika mwaka 2013 uliainisha sehemu za biashara, makazi na misitu.

Nyuma ya hayo yote palikuwa na hesabu ya kiuchumi. Rwanda haina bahari, ardhi yake ni finyu na watu wake ni wengi. Sokwe wa milimani huleta watalii, lakini vibali vya kuwaona ni vichache kwa makusudi. Serikali ikaamua kuvuna pia kwa mikutano: mjumbe mmoja hulipa hoteli, chakula, usafiri na tiketi ya ndege, tena si lazima aje msimu wa kiangazi. Mwaka 2016 ulifunguliwa ukumbi wa mikutano wa Kigali, wenye kuba lililobuniwa kwa mfano wa nyumba ya kifalme ya msonge na ambalo usiku huwaka taa za rangi. Mwaka huo huo Umoja wa Afrika ulikutana humo, na mwezi Oktoba yakapitishwa hapo marekebisho ya mkataba wa kulinda tabaka la ozoni yanayoitwa Marekebisho ya Kigali.

Ukumbi huo uliwafaa wajumbe wenye karatasi na vipaza sauti, lakini haukufaa kwa mechi. Kwa michezo ya ndani Kigali bado ilikuwa na Petit Stade tu.

Miezi sita, 2019

Mfano ulikuwa umeshaonekana Senegal. Mwaka 2018 Dakar Arena, yenye viti 15,000, ilifunguliwa Diamniadio ikiwa imejengwa na kampuni ya Summa ya Uturuki. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoukamilisha ukumbi wa mikutano wa Kigali. Februari 2019, NBA na shirikisho la mpira wa kikapu duniani, FIBA, walitangaza kuanzisha ligi ya klabu za Afrika, Basketball Africa League, yaani BAL. Nchi yenye ukumbi tayari ingekuwa mbele ya wenzake katika kugombea mashindano hayo.

Summa walianza kazi Remera mwezi Januari 2019. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 104. Tarehe 9 Agosti 2019 Rais Paul Kagame aliuzindua ukumbi, na mechi ya kwanza ikawa ya fainali za ligi ya nyumbani kati ya Patriots na REG. Wachezaji waliozoea ukumbi wa watu 1,000 walijikuta mbele ya viti mara kumi zaidi.

Ukumbi wa aina hii hauishi kwa mchezo mmoja. Uwanja wa kikapu wa mita 28 kwa 15 ni sakafu ya mbao inayowekwa juu ya sakafu ya chini. Ikiondolewa, nafasi hiyo hiyo hupokea jukwaa la muziki, viti vya mkutano au ibada. Mwezi mmoja tu baada ya kufunguliwa, mwimbaji Ne-Yo alitumbuiza humo wakati wa sherehe za Kwita Izina, ambapo watoto wa sokwe hupewa majina.

Korona na ligi mpya, 2020–2021

BAL ilikuwa ianze Dakar Machi 2020, lakini ugonjwa wa korona ukaifunga dunia. Ilipoamuliwa mwaka uliofuata kwamba timu zote zikusanywe mahali pamoja, zipimwe na zitengwe na watu wa nje, Kigali ilikuwa na kila kilichohitajika kwa umbali mfupi: uwanja wa ndege, hoteli na ukumbi, vyote katika mji mmoja uliozoea nidhamu ya taratibu.

Msimu wa kwanza ulichezwa Kigali kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021, timu 12 na mechi 26. Patriots ya Rwanda ilimsajili mwanamuziki wa Marekani J. Cole, aliyecheza mechi tatu na kuvuta macho ya watu ambao hawakuwahi kufuatilia mpira wa kikapu wa Afrika. Zamalek ya Misri ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Monastir ya Tunisia 76–63. Kabla mwaka haujaisha ukumbi ulipokea pia AfroBasket ya wanaume, ambayo Tunisia ilitwaa ubingwa wake, na mashindano ya Afrika ya mpira wa wavu. Ratiba iliyokusanywa na korona iliupa ukumbi katika mwaka mmoja sifa ambayo kwa kawaida hujengwa kwa muda mrefu.

Jina la benki na mizani ya sifa, 2022–2025

Mei 2022 Bank of Kigali ilinunua haki ya jina kwa miaka sita kwa dola milioni 7, na Kigali Arena ikawa BK Arena. Fainali za BAL zilirudi humo mwaka 2022, 2023 na 2024, zikiwapa ubingwa Monastir, Al Ahly ya Misri na Petro de Luanda ya Angola. Machi 2023 wajumbe wa FIFA walikutana ukumbini na kumchagua tena Gianni Infantino. Oktoba mwaka huo tuzo za Trace ziliwaleta wanamuziki wa bara zima, akiwemo Diamond Platnumz wa Tanzania, na Desemba akapanda jukwaani Kendrick Lamar.

Sifa hiyo ilikuwa na bei yake. Mwaka 2022 makazi ya Kangondo na Kibiraro katika kata ya Remera, yaliyojulikana kwa jina la Bannyahe, yalibomolewa na familia kuhamishiwa Busanza baada ya mvutano wa miaka kadhaa kuhusu fidia. Wengi walitaka pesa na wakapewa nyumba. Wakosoaji nje ya nchi walisema michezo na muziki vinatumika kuisafisha sura ya serikali. Mapema mwaka 2025, waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, walipoiteka miji ya Goma na kisha Bukavu huko Kongo, hoja hiyo iliingia ukumbini moja kwa moja: John Legend alitumbuiza Februari licha ya wito wa kumtaka asifike, ilhali Tems wa Nigeria alifuta tamasha lake la Machi. Mwaka huo fainali za BAL zilichezwa Pretoria, na Kigali ikabaki na mechi za makundi.

Septemba 2025 mji ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za kushindana na saa zilianzia BK Arena, na waendeshaji wakapanda na kushuka miteremko ile ile iliyoamua umbo la mji.

Kutoka ukumbini hadi mjini

Remera ya leo ni eneo kamili la michezo. Amahoro ilifunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024 ikiwa na viti 45,000, na Julai 2025 Zaria Court ilifunguliwa hapo jirani ikiwa na hoteli, viwanja vidogo na maduka. Kaskazini kidogo lipo soko la Kimironko, lenye vitenge, ndizi, maharage na mafundi cherehani wanaoshona nguo mteja akisubiri.

Bodaboda, ambazo Kigali huitwa moto, humfikisha mtu Nyarugenge kwa dakika chache, dereva na abiria wote wakiwa na kofia ngumu. Huko ipo nyumba ya Kandt, na kutoka hapo barabara inashuka Nyamirambo. Sehemu ya Biryogo imefungwa kwa magari, lami imepakwa rangi na meza zimepangwa barabarani. Wateja huagiza mishikaki, chapati na chai, na Kiswahili husikika kutoka meza moja hadi nyingine, kikiwa kimechanganyika na Kinyarwanda. Chini bondeni, stendi ya Nyabugogo hupokea mabasi ya Kampala na Dar es Salaam. Njia alizozitazama Kandt bado zinakutana Kigali, na usiku wa mechi kubwa sehemu ya abiria wake huelekea Remera.